Mjomba Hakushuka Manyoni

Treni ya abiria iliyoondoka Dar es Salaam jioni ya Jumapili, tarehe 23 Juni 2002, tuliitazamia Manyoni siku iliyofuata. Haikufika. Asubuhi ya Jumatatu, kwenye mlima ulio kati ya Msagali na Igandu mkoani Dodoma, ilipata hitilafu ya breki, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi ambayo hakuna aliyeweza kuizuia, mpaka ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Ilikuwa imebeba abiria zaidi ya 1,200. Waliokufa walihesabiwa 281. Kati yao, 88 walizikwa Maili Mbili, mjini Dodoma, bila kutambuliwa na ndugu zao.

Katika ukoo wetu yumo mtu ambaye tangu wiki ile hajaonekana. Ni mjomba wangu, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Kwa zaidi ya miaka 20 watu wamekuwa wakisema kwa wepesi kwamba alikufa Msagali. Huenda ni kweli. Lakini mimi nilikuwepo tulipomtafuta, niliyaona yaliyotokea na nikawasikia waliosema walimwona, na najua kwamba jambo hilo halijathibitishwa na mtu yeyote. Nayaandika sasa kwa sababu waliokuwa watu wazima wakati ule wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anakwenda na sehemu yake ya habari.

Mwaka 2002 nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, nikiishi kwa bibi mjini Manyoni, mkoani Singida. Ule ni mji wa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na stesheni za upande wetu, Kintinku, Makutupora, Saranda, Manyoni, Aghondi na Itigi, ndizo zilizovuta watu, maduka na masoko. Barabara ya kwenda Dodoma ilikuwa ya vumbi, na masika magari yalikwama kwenye mbuga za Kintinku na Bahi. Kwa hiyo tulichouza na tulichonunua kilipita relini. Asali na nta kutoka misitu ya Itigi, vitunguu, alizeti na kuku viliteremka Dar es Salaam. Mitumba, sabuni, vyombo vya plastiki na dawa za dukani vilipanda kuja kwetu.

Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa kuku. Mpaka leo mlaji wa Dar es Salaam akiambiwa kuku huyu ni wa kienyeji kutoka Singida, hawezi kubishana sana juu ya bei. Mjomba alizunguka na baiskeli Kilimatinde, Chikuyu, Solya na Sanza, akinunua kuku wawili nyumba hii na mmoja nyumba ile, mpaka matenga yajae. Usiku wa safari aliwapa mtama na maji, kisha akayapakia matenga kwenye behewa na kukaa karibu nayo. Alijua kwamba kuku hutulia gizani, na kwamba treni ikichelewa ikakutwa na jua la mchana huko Kilosa, hasara itaanza kuhesabiwa humo humo ndani. Huko Dar es Salaam aliuza soko la Kisutu. Wengine walimlipa papo hapo, wengine walichukua mali kauli, akawa anasubiri mpaka wauze ndipo apate fedha zake.

Nilimsaidia kufunga matenga. Vifuniko vyake alivifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Aliuzungusha mpira mara mbili kwenye fito ya katikati, akauvuta mpaka fito ilie, kisha ncha yake akaipenyeza kwa ndani chini ya mzunguko wa kwanza. Nikiiacha ncha nje, alifungua kazi yote. "Mjomba," aliniambia, kwani aliniita mjomba kama nilivyomwita yeye, "ukiacha mkia nje, mtu yeyote atalifungua tenga lako akiwa anapiga soga." Nautaja ufungaji huo kwa sababu baadaye ulikuja kuwa ushahidi, au kitu kilichokaribia kuwa ushahidi.

Safari hiyo ya Juni aliondoka na mzigo mkubwa. Alimwambia mkewe, ambaye ni mkaza mjomba wangu, kwamba atageuza na treni ya Jumapili. Hapakuwa na njia ya kuhakikisha. Simu za mkononi zilikuwa za wachache wa mijini, na habari zilikuja kwa barua, kwa simu ya mezani ya mtu mwenye duka, au kwa mdomo wa mwenzake aliyetangulia.

Jumatatu hiyo stesheni ilikuwa na watu wake wa kawaida. Akinamama wa chai na maandazi walikuwepo, wauza asali ya chupa, wauza kuku wa kukaanga, wapagazi na mikokoteni yao. Mkaza mjomba alikuja na mtoto mgongoni. Kwanza tuliambiwa treni imechelewa, na hilo halikumshtua mtu, kwa kuwa treni kuchelewa lilikuwa jambo la kila juma. Baadaye stesheni masta alitoka ofisini kwake, akasimama mlangoni na kutuambia kwamba treni imepata ajali upande wa pili wa Dodoma, na kwamba hataweza kusema zaidi. Waliokuwa wakipanga maandazi waliacha. Jioni, watu wa mtaa walijaa mbele ya duka moja lenye redio, na Radio Tanzania ikatangaza. Rais Benjamin Mkapa na viongozi wengine wa taifa walitajwa, idadi ya waliokufa ikatajwa, na kila taarifa iliyofuata idadi ilikuwa imeongezeka.

Tulikwenda Dodoma juu ya lori, mimi, mkaza mjomba na babu mdogo, ndugu wa babu yangu mzaa mama. Miili ilikuwa imepangwa Uwanja wa Jamhuri, ule ule wa mpira. Watu walikuwa wametoka kila upande wa reli, Morogoro, Tabora, Shinyanga, Mwanza, Kigoma, na kwetu Singida. Tulipita kwa mstari, vitambaa puani. Sitaeleza yote niliyoyaona, maana wale ni ndugu za watu na wanastahili stara. Nitaeleza tu alichokifanya mkaza mjomba.

Mjomba alikuwa na kovu la moto kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Alilipata utotoni alipokanyaga majivu ya moto jikoni kwa bibi. Mkaza mjomba hakutazama nyuso. Tangu mwanzo wa mstari alitazama miguu. Mahali miguu ilipofunikwa alimwomba askari, kwa adabu, amfunulie. Alikwenda hivyo mpaka akafika kwa mwanamume mmoja mwenye urefu wa mjomba na mwili kama wa mjomba. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeumizwa kuanzia gotini kwenda chini, kiasi kwamba hata kama kovu lilikuwepo lisingeonekana. Nguo alizovaa hazikuwa za mjomba, lakini mtu anayeuza kuku Kisutu hununua shati la mtumba akitaka.

Karani alikuwepo na daftari. Akauliza: "Mama, ndiye?"

Mkaza mjomba alichuchumaa pale muda mrefu. Babu mdogo akamwambia taratibu, "Mwanangu, sema ndiye, tumpeleke nyumbani tukamzike." Alichojibu nakikumbuka kama alivyokisema. "Baba, nikimchukua na si wangu, kuna mwanamke mwenzangu yuko nyuma kwenye mstari huu, atafika hapa akute hayupo. Siwezi."

Karani hakuandika kitu, tukaendelea. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona watu wakisifiwa kwa ujasiri wa aina nyingi, na bado sijaona unaoufikia ule. Mwanamke mwenye watoto wadogo, asiye na uhakika wa kesho, alipewa nafasi ya kuhitimisha msiba wake, akaikataa kwa ajili ya mtu asiyemjua. Miili ambayo haikupata wa kusema ndiye ilizikwa kwa pamoja Maili Mbili. Naamini yule mwanamume ni mmoja wao, labda ni mjomba, labda ni mume wa mwanamke mwingine kabisa.

Kutoka uwanjani tulikwenda hospitali. Majeruhi walikuwa mamia, wakiwa wamegawanywa Dodoma na kwingineko, na orodha zilibandikwa kutani zikiwa na majina ya waliokuwa na uwezo wa kusema majina yao. Tulizisoma zote. Tulipita wodini kwa wale waliokuwa hawajazinduka. Baadaye, uvumi ulipoenea kwamba kuna abiria aliyepoteza kumbukumbu na anatangatanga, tulifika mpaka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Watu wa pale walitupokea vizuri, wakatuonyesha kila mwanamume aliyeletwa tangu siku ya ajali. Hakuwemo.

Wodini ndiko tulikompata shahidi wa kwanza, kijana wa Itigi aliyevunjika mkono. Alisema alimwona mjomba stesheni ya Morogoro usiku, akinunua chai dirishani. Tulimuuliza kama alizungumza naye. Alisema hapana, alikuwa behewa jingine, ila alimjua kwa kofia na kwa sauti, kwa kuwa mjomba alikuwa mtu wa kuongea kwa nguvu. Mkaza mjomba alitokwa na machozi kwa mara ya kwanza tangu tutoke Manyoni, kwa sababu kofia ile aliijua.

Shahidi wa pili tulimpata siku chache baadaye, nyumbani Manyoni. Alikuwa mwenzake mjomba katika biashara, na kwa bahati alikuwa mabehewa ya mbele, akatoka na michubuko tu. Yeye alisema jambo tofauti kabisa. Walikuwa pamoja stesheni ya Dar es Salaam Jumapili mchana. Mjomba alimkabidhi matenga yake matupu ili ayatangulize, akamwambia: "Tangulia, mimi nina mtu ninayemdai, amesema nimfuate, ananilipa leo jioni au kesho. Nitakuja na ya Jumanne." Akaondoka kuelekea mjini. Huyu mwenzake hakumwona tena, lakini alikiri kwamba stesheni ilijaa watu, na kwamba kama mjomba alilipwa mapema angeweza kurudi na kuingia behewa lolote bila yeye kujua.

Yule wa Itigi alimwona kwa mbali, usiku, kwenye mwanga hafifu. Huyu alizungumza naye ana kwa ana, mchana, lakini maneno yake yanaishia stesheni ya Dar es Salaam. Wote wawili niliwaamini wakati ule na ninawaamini leo.

Halafu kuna tenga. Kati ya vitu vilivyookolewa mahali pa ajali tulionyeshwa matenga yaliyopondeka, na moja lilikuwa na mpira wa baiskeli uliozungushwa mara mbili na ncha imepenyezwa ndani. Mkono wangu uliutambua ule ufungaji kabla ya macho. Kwa siku kadhaa nilidhani jibu limepatikana. Lakini mwenzake aliposema kwamba matenga alikabidhiwa yeye, tenga lile likawa halithibitishi chochote zaidi ya kwamba matenga yalikuwemo ndani ya treni.

Msomaji wa leo atauliza kwa nini tusitazame orodha ya abiria. Mjomba, kama alisafiri, alisafiri daraja la tatu. Tiketi ilikuwa kipande kidogo cha kadibodi chenye namba, tarehe na safari, na jina la abiria halikuwemo. Kitambulisho cha taifa hakikuwepo pia. Mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo, NIDA, iliundwa mwaka 2008. Mtu wa daraja la tatu aliingia ndani ya treni akiwa mtu, na akifa akiwa peke yake, hapakuwa na karatasi hata moja ya kumtaja. Waliopata nafasi ya kutambuliwa ni wale waliokuwa na ndugu wa kufika uwanjani mapema, wenye nauli ya lori na nguvu ya kusimama kwenye mstari.

Babu mdogo alikwenda Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Kisutu aliyekuwa na deni alimwonyesha daftari lake na kusema alimlipa mjomba Jumapili ile, na kwamba mjomba aliondoka na fedha mfukoni. Saa hakuikumbuka vizuri. Kama ni kweli, basi mjomba alikuwa na fedha za mzigo mzima wa kuku, katika jiji kubwa, peke yake, muda mfupi kabla ya treni kuondoka au muda mfupi baada ya kuondoka. Kwa mtu yeyote anayejua miji, hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi.

Babu mdogo alikwenda kituo kimoja cha polisi, sitakitaja, kutoa taarifa ya mtu aliyepotea. Aliandikiwa RB, namba ya taarifa ya polisi. Lakini askari aliyemhudumia, alipoisikia tarehe, alimuuliza: "Mzee, huyu si alikuwa kwenye treni?" Babu mdogo akasema hatujui. Askari akasema, kwa huruma kabisa, kwamba poleni sana, taifa zima linaomboleza. Jalada likafunguliwa na likaishia hapo. Hakuna aliyekwenda Kisutu kuuliza saa. Hakuna aliyekwenda kwenye nyumba ya wageni alikokuwa akilala mjomba kuuliza kama alirudi usiku ule. Kila tulipofuatilia tulirudishiwa swali lile lile, na sauti za pole.

Hilo ndilo limenikaa moyoni kuliko yote. Ajali ile iliwachukua wengi kwa ukatili, na kwa upande wetu ilichukua pia nafasi ya mjomba kutafutwa. Kama hakupanda treni, kama alivamiwa kwa ajili ya fedha zake, au aliugua, au alikwenda mahali kwa hiari yake, basi msiba wa taifa ulimfunika, na waliostahili kumtafuta walikuwa tayari wana maelezo ya kutosha.

Miaka iliyofuata tuliishi kati ya mambo mawili, msiba na matumaini. Watu walimwona. Mmoja alimwona Mererani kwenye tanzanite, mwingine Geita, mwingine Kahama akiuza mitumba. Kila habari ilipokuja ukoo ulichanga nauli, mtu akatumwa, akarudi na maelezo ya mtu mwingine aliyefanana naye. Bibi hakukubali matanga yafanyike. Wazee walipokuja kumshauri, aliwajibu: "Mtu hazikwi kwa kukisiwa." Wala hakukubali atajwe kwenye sala za marehemu. Alikufa bila kubadili msimamo huo, na kwenye mazishi yake jina la mjomba lilisomwa pamoja na watoto waliobaki hai.

Watoto wa mjomba walikua na swali hilo shuleni. Mmoja alipochaguliwa kwenda sekondari alileta nyumbani fomu yenye nafasi ya jina la baba na nyingine ya kuandika kama yu hai au amefariki. Mama yake alijaza jina kwa mwandiko wake wa taratibu, akaiacha ile nafasi ya pili wazi. Shule ikairudisha ijazwe. Akairudisha tena ikiwa wazi, na barua fupi aliyoniomba nimwandikie, ikieleza kwamba baba wa mtoto hajulikani alipo tangu Juni 2002. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, aliipokea.

Sheria yetu ina jibu la aina yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwenzi ambaye hajasikika kwa miaka mitano na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, anaweza kudhaniwa kuwa amekufa. Ni dhana tu, na inaweza kutenguliwa akitokea. Miaka mitano ilipopita, wazee walikaa kuzungumza juu ya kiwanja na shamba, na juu ya mkaza mjomba ambaye bado alikuwa kijana. Aliambiwa anaweza kwenda mahakamani, awe huru kuolewa na kusimamia mali. Alikwenda kwa ajili ya mali tu, ili shamba lisije likagombaniwa mbele ya wanawe. Kuolewa hakuolewa. Mahakama ilimfanyia haki. Lakini karatasi ile inasema mtu adhaniwe amekufa, haisemi alikufa wapi wala kwa nini, na haijawahi kumpa mtu yeyote wa kwetu usingizi.

Najua hatuko peke yetu. Ilipozama meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na zipo familia za Kagera ambazo mpaka leo hazina uhakika ndugu yao yuko kaburi lipi au yuko ziwani. Zipo pia familia ambazo msiba wao ni wa namna nyingine. Kada wa Chadema Ben Saanane hajaonekana tangu Novemba 2016, na mwandishi wa habari Azory Gwanda tangu Novemba 2017 alipochukuliwa Kibiti. Hawa walikuwa na vyama, magazeti na watu wa kuwasemea, na majina yao yametajwa bungeni na nje ya nchi, lakini familia zao bado zinasubiri jibu. Muuza kuku wa Manyoni hana gazeti. Ana ndugu zake tu.

Kuna jambo ambalo halikuwezekana Uwanja wa Jamhuri mwaka 2002 na ambalo sasa linawezekana. Vinasaba hudumu ndani ya meno na mifupa mikubwa kwa miongo mingi. Nchi yetu ina sheria ya kusimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hufanya vipimo hivyo kila siku kwa kesi za jinai na za ubaba. New York, ambako watu 2,753 waliuawa katika shambulio la majengo mawili ya World Trade Center tarehe 11 Septemba 2001, miezi tisa tu kabla ya ajali yetu, kazi ya kutambua mabaki haijasimama. Mwaka 2023 wachunguzi wa huko walitangaza kuwatambua watu wawili zaidi. Walioendelea na kazi hiyo wana fedha kuliko sisi, hilo nakubali. Lakini sisi tunatafuta majina ya watu 88 ambao mahali walipo panajulikana.

Hata kabla ya kufukua mtu yeyote, kuna hatua ndogo isiyohitaji fedha nyingi. Familia zote ambazo ndugu yao alisemekana kuwemo ndani ya treni ile na hakupatikana zingeitwa, ziandikishwe, zitoe maelezo na sampuli ya mate. Huenda baadhi ya waliopotea walikuwa vijana wasio na watoto. Vinasaba vinavyoweza kuwatambua vizuri vijana hao ni vya wazazi wao, na wazazi hao sasa ni wazee sana. Kila mwaka unaopita bila kuwaandikisha, wengine kati ya wale 88 wanapoteza nafasi ya mwisho ya kurudishiwa majina yao. Mabadiliko mengine yameshakuja yenyewe. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na tiketi yake inakatwa kwa jina na kitambulisho. Abiria wa treni hiyo hawawezi kufa bila jina. Nafurahi kwa ajili yao. Wale wa daraja la tatu wa mwaka 2002 nao walilipa nauli.

Sisi tuko tayari. Mkaza mjomba bado yupo Manyoni, ana akili timamu, na kumbukumbu ya ule mguu wa kushoto haijamtoka. Mama yangu yupo. Watoto wa mjomba ni watu wazima, na wote wamekubali kutoa sampuli siku watakapoitwa. Tumeandika maelezo ya mashahidi wawili, ya chai ya Morogoro na ya stesheni ya Dar es Salaam, pamoja na maneno ya mfanyabiashara wa Kisutu, na nakala anazo kila mtoto. Ikionekana yumo Maili Mbili, tutaomba jina lake liandikwe pale na tutafanya matanga ambayo bibi aliyakataa, kwa sababu hatakuwa amezikwa kwa kukisiwa. Ikionekana hayumo, basi hakuna tena atakayetuambia kwamba alikuwa kwenye treni, na jalada la mwaka 2002 litabidi lifunguliwe upya na lianzie pale lilipopaswa kuanzia, Kisutu, Jumapili ile mchana, kwa mwanamume mwenye fedha za kuku mfukoni ambaye alipaswa kutafutwa.